Maji Yapate Njia: Matundu ya Ndoo na Makopo ya Mboga

  Wewe unayesoma karatasi hii kwa sababu redio yako imeishiwa betri, usome polepole, na ukimaliza umpe jirani.

Leo nazungumza juu ya matundu. Najua wengine mtacheka. Juma lililopita tulizungumzia mbegu, watu wakaandika vikaratasi vingi vya maswali wakavileta hapa studio. Nilipovisoma nikaona karibu nusu yake ni swali moja kwa maneno tofauti: "Nimepanda lengalenga kwenye ndoo, inamwagiliwa kila siku, lakini majani yanakuwa manjano na kulala. Nifanye nini?" Mwingine anauliza kuhusu nyanya, mwingine biringanya, mwingine anasema labda mbegu ni mbovu, mwingine anasema jirani ana jicho baya. Kabla hujamgombeza jirani, pindua ndoo yako uangalie chini.

Tunajua hali yetu hapa Nyarugusu. Nje ya kambi haturuhusiwi kulima, na nyumba zimesogeleana. Mgao nao ni ule unaoujua: unga, jamii ya kunde, mafuta na chumvi, na umekuwa ukipungua. Mboga haimo. Mtoto anayekula ugali na maharage miezi na miezi bila jani la kijani, mama yake anamwona mwenyewe alivyo, sihitaji kueleza. Kwa hiyo ndoo moja ya lengalenga mlangoni si mapambo. Lengalenga, au mchicha kama wanavyosema wenyeji, unaanza kuchuma baada ya wiki tatu au nne tu, na ukikata vizuri unachipua tena. Mbegu ile ya kijiko kimoja ikioza ndani ya maji, ni mlo wa watoto umeoza.

Sasa kwa nini inaoza? Watu wengi wanadhani mmea unakunywa maji tu. Mizizi inahitaji hewa pia. Kati ya chembe na chembe za udongo kuna nafasi ndogo ndogo. Ukimwagilia, maji yanajaza nafasi zile, halafu yakiteremka yanavuta hewa mpya nyuma yake. Lakini yakikosa mahali pa kutokea, nafasi zote zinabaki zimejaa maji, hewa inakwisha, mizizi inakosa pumzi na kuanza kufa. Shambani ardhi ni pana, maji yanajitafutia njia. Kwenye ndoo hayana pa kwenda isipokuwa pale utakapoyafungulia wewe.

Na hapa ndipo penye mtego. Mizizi ikifa haiwezi tena kuvuta maji, kwa hiyo majani yanalegea na kulala, sawasawa kabisa na mmea wenye kiu. Mtu anatoka asubuhi, anaona mboga imelala, anasema "masikini, ina kiu," anachukua kikombe kingine cha maji aliyoyapangia foleni bombani, anakimwaga. Anaua kwa huruma.

Mama mmoja katika klasta yetu, mtu mzima kwa umri wa bibi yangu, alikuwa na nyanya sita kwenye makopo ya mafuta, zote zimelegea. Nikamwambia, "Shikamoo mama. Naomba nikuinulie kopo moja."

"Marahaba mwanangu. Inua tu, lakini taratibu, hiyo ndiyo yenye maua."

Nikainua. Kopo lilikuwa zito kama jiwe. Chini lilikuwa na tundu moja dogo la msumari, nalo limezibwa na udongo. Nilipolizibua kwa kijiti yalitoka maji meusi yenye harufu ya yai bovu. Mama akarudi nyuma akasema, "Kumbe nilikuwa nalisha bwawa!" Nyanya nne zilipona, mbili hazikupona.

Basi ishara ndizo hizo. Majani ya chini kuwa manjano kwanza. Mmea kulegea huku udongo ukiwa umelowa. Harufu mbaya. Utando wa kijani juu ya udongo. Ukichimbua kidogo, mizizi ni ya kahawia au nyeusi na inateleza mkononi, wakati mizizi yenye afya huwa myeupe na imara. Usipokuwa na uhakika, ingiza kidole kwenye udongo hadi pingili ya pili. Kikitoka na unyevu, weka kikombe chini, leo humwagilii. Kidole hakidanganyi kama jicho linavyodanganya.

Tuingie kwenye kazi yenyewe.

Kwanza chombo. Na hapa naomba unisikilize vizuri: dumu zima la kuchotea maji usilitoboe. Dumu la lita 20 lisilovuja lina thamani kuliko mboga zote utakazopanda ndani yake. Tafuta lililopasuka, ndoo iliyokatika mkono, beseni lenye ufa, kopo la mafuta ya mgao lililokwisha. Chombo kilichowahi kuwekwa dawa ya wadudu, rangi au oili ya gari, kiache hata kama ni kizuri namna gani. Ukiona kimechorwa fuvu la mtu, hata mtoto asikichezee.

Ndoo na madumu ya plastiki yanatobolewa kwa msumari mnene au kipande cha nondo kilichopashwa moto kwenye makaa. Ushike kwa koleo au kitambaa kinene kikavu. Fanya nje ya nyumba, simama upande upepo unakotoka, maana ule moshi wa plastiki si wa kuvuta, na watoto wakae mbali. Kopo la bati linatobolewa kwa msumari na jiwe. Ukiweza, piga kutoka ndani kwenda nje. Sababu ni ndogo lakini ina maana: msumari unapopita unaacha ukingo uliosimama upande unakotokea. Ukipiga kutoka nje, ule ukingo unasimama ndani ya kopo kama kikuta kidogo, na maji yanabaki nyuma yake. Kama mkono hauenei ndani, piga kutoka nje kisha uugonge ule ukingo kwa ncha ya nondo mpaka ulale. Na mdomo wa juu wa kopo uliokatwa, uukunje kwa kuugonga kwa jiwe. Vidole vingi vya watoto vimekatwa na makopo haya.

Tundu liwe na upana gani? Kidole kidogo cha mtoto kinatosha. Dogo kuliko hapo linazibwa na udongo mara moja, kama lile la mama wa nyanya. Kopo la lita 4 matundu manne au matano. Ndoo ya lita 20 yawe sita hadi nane. Beseni pana litoboe zaidi, kumi au zaidi, kwa sababu chini yake ni pana na halikai sawa. Usiyarundike katikati yote. Tawanya, na mawili matatu yawe karibu na ukingo, maana ardhi yetu imeinama na maji yatakimbilia upande mmoja. Ukitaka, ongeza mengine mawili ubavuni, upana wa kidole kutoka chini, yasaidie siku yale ya chini yakiziba.

Juu ya matundu, kabla ya udongo, weka kipande cha gunia kuukuu, nyasi kavu kidogo, au kigae kimoja cha chungu kilichopinda. Kazi yake ni kuzuia udongo usimwagike, basi.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo najua litaleta ubishi, hasa kwa wazee wetu na kwa wale waliohudhuria mafunzo. Wengi tumefundishwa kuweka tabaka la kokoto chini ya ndoo "ili maji yashuke vizuri." Ndugu zangu, kokoto chini ya ndoo hazisaidii maji kushuka. Zinafanya kinyume.

Usiniamini mimi, mimi ni mtangazaji tu. Chukua sifongo ya kuoshea vyombo au kipande cha godoro kuukuu kilichokatwa kama tofali. Kilowe maji mpaka kishibe. Kilaze bapa juu ya kiganja, usikikamue. Yatadondoka maji, halafu yataacha. Subiri mpaka yaache kabisa. Sasa kisimamishe wima. Unaona? Yanadondoka tena, na hujakikamua! Maji yale yalikuwepo muda wote, yakashikiliwa.

Udongo nao ni hivyohivyo. Kila chombo, hata kiwe na matundu mia, sehemu ya chini ya udongo inabaki imeshiba maji baada ya mengine kutoka. Unene wa ile sehemu iliyoshiba hautegemei urefu wa chombo, unategemea aina ya udongo. Kwa hiyo katika beseni la kina kifupi, karibu udongo wote ni ule ulioshiba, kama sifongo iliyolazwa. Katika ndoo ndefu, ni chini tu, na juu mizizi inapumua.

Sasa ukiweka kokoto. Maji yaliyo kwenye udongo laini hayaingii kirahisi kwenye nafasi kubwa za kokoto. Yanangoja pale juu yake mpaka udongo ushibe kabisa ndipo yaanze kudondoka. Ile sehemu iliyoshiba haikuondoka, umeipandisha juu tu, ukaisogeza kwenye mizizi. Na udongo umeupunguza. Ndoo yenye kina cha sentimita 30 ukiijaza kokoto sentimita 10, umebakiwa na ndoo ya sentimita 20. Afadhali kuijaza udongo mzuri kutoka chini hadi juu.

Mtu atauliza: mbona bustani ya gunia tunaweka mawe? Swali zuri, na jibu lake ni kwamba mawe yale hayalali, yamesimama. Ile nguzo ya mawe katikati ya gunia, tunayoijenga kwa kopo lisilo na kitako na kulivuta juu kidogo kidogo, ni bomba. Ukimwaga maji juu yake yanateremka katikati na kusambaa pembeni, ili mboga za ubavuni huko chini nazo zipate. Bila nguzo ile, udongo wa juu unakunywa wote na wa chini unabaki mkavu. Na viroba vya salfeti vimefumwa, vinavuja vyenyewe, kwa hiyo havisumbui sana. Shida yao ni jua, linavichana baada ya muda. Nguzo ya mawe wekeni kwenye gunia, kwenye ndoo acheni.

Udongo wenyewe ndio kazi kubwa kuliko matundu. Huu mwekundu wetu unaonata, ukiujaza peke yake kwenye ndoo, mvua mbili tu unakuwa kama tofali, na hakuna tundu litakalousaidia. Changanya. Mimi natumia makarai mawili ya udongo wa juu, ule mweusi mweusi wenye majani yaliyooza, karai moja la mboji au samadi iliyooza kabisa, na karai moja la kitu cha kuulegeza: pumba za mpunga, maganda ya karanga yaliyopondwa, au chenga za mkaa zile zinazobaki chini ya gunia la mkaa. Mchanga pia unafaa, lakini uwe wa chembe kubwa, tena uwe mwingi. Mchanga laini kidogo ukiuweka kwenye udongo wa mfinyanzi unajitengenezea tofali kweli. Samadi mbichi usitie, inaunguza mizizi.

Kuupima mchanganyiko ni rahisi. Lowesha kidogo, fumbata mkononi ufanye donge. Ligonge kwa kidole. Likimeguka, ni mzuri. Likibonyea kama ugali, ongeza pumba. Likishindwa hata kuwa donge, ongeza mboji na udongo.

Ukijaza, usishindilie kwa ngumi. Gonga ndoo chini mara mbili, udongo utajikalia wenyewe. Acha nafasi ya vidole viwili juu ili maji ya kumwagilia yasimwagike nje.

Halafu iweke wapi? Nimeona watu wanatoboa vizuri kabisa, kisha wanaikalisha ndoo juu ya udongo mtupu. Ikinyesha mara moja, matundu yamegandamana na matope na yameziba. Weka juu ya mafiga. Mawe matatu, au vipande vya tofali, kama unavyotega sufuria, mkono upite chini. Hapo maji yanadondoka, unayaona yakidondoka, na mchwa hawapandi ovyo.

Usiisogeze karibu sana na ukuta. Nyumba zetu ni za matofali mabichi, na ndoo kumi zinazodondokea mguuni pa ukuta mmoja kila siku zitaula ule ukuta mpaka siku ya mvua kubwa. Hatua moja ndefu kutoka ukutani inatosha. Na isikae chini ya ukingo wa paa. Ule mfereji wa maji ya bati au turubai unachimba udongo wote nje ya ndoo na kuifurisha mara kumi kwa usiku mmoja. Tena angalia maji yako yanakoelekea. Yakielekea mlangoni kwa jirani, chimba kamfereji kadogo leo, kabla hajaja kukuambia kwa sauti ambayo klasta nzima itasikia.

Maji yanayotoka chini si lazima yapotee. Weka kifuniko cha ndoo au sahani kuukuu, yakusanye, na umwagilie tena. Lakini yamwage kabla jua halijazama, kila siku. Mbu anahitaji siku 7 hadi 14 hivi kutoka yai mpaka kuruka, kwa hiyo sahani inayomwagwa kila jioni haizai mbu hata mmoja. Sahani inayosahaulika wiki mbili inazaa, na malaria hapa hatuna haja ya kuitafutia shamba. Ukijua wewe ni msahaulifu, usiweke sahani kabisa.

Maji ya kuoshea mboga au mchele mwagilia bila wasiwasi. Maji ya sabuni ya unga au dawa ya kufulia nguo nyeupe, mwaga mbali.

Kwa ambaye mboga yake imeshaanza kufa sasa hivi. Acha kumwagilia. Zibua matundu kwa kijiti au waya, au ongeza mapya. Halafu inamisha ndoo, uiegemeze kwenye jiwe ilale upande kwa usiku mmoja. Kumbuka sifongo: ukiinamisha, kona ile inakuwa ya chini sana na maji mengi zaidi yanatoka. Isogeze kivulini siku mbili tatu, kata majani yaliyokwisha kufa. Kama ni matembele na mizizi imekwisha, usisikitike sana, kata ncha iliyo nzima, panda upya kwenye udongo mzuri, itatoa mizizi. Nyanya nayo hukubali hivyo. Lengalenga iliyooza shina, ng'oa, kaushia udongo juani, upande tena. Hayo ndiyo maisha ya lengalenga, ni ya haraka kufa na ya haraka kuota.

Kuhusu kina cha chombo, kwa sababu nimeulizwa: vitunguu majani na lengalenga zinatosheka na sentimita 15 hadi 20. Nyanya na biringanya zipe ndoo ya lita 20, mmea mmoja ndoo moja. Najua unaona ndoo kubwa kwa mche mdogo ni hasara, unataka kubana mitatu. Utapata majani matatu ya nyanya na nyanya tano ndogo. Pilipili inakaa vizuri kwenye kopo la mafuta, tena inadumu.

Nimalizie na karatasi moja iliyoletwa leo mchana na kijana wa shule. Anauliza: "Mvua zikiisha mwezi wa tano na bomba likawa la shida, je, tuzibe matundu ili maji yasipotee?"

Swali hili limenifurahisha. Usiyazibe yote. Ila kwa kiangazi unaweza kuandaa ndoo nyingine kwa namna tofauti: chini usitoboe, toboa ubavuni, upana wa vidole viwili au vitatu kutoka kitakoni, matundu manne kuzunguka. Hapo maji kidogo yanabaki chini kama akiba na mizizi inayafuata, na ukizidisha, ya ziada yanatokea ubavuni. Hayo maji yako ndani ya udongo, hayana uso wazi, kwa hiyo mbu hatagi humo. Juu ya udongo funika nyasi kavu ili jua lisiyanyonye. Lakini ndoo hiyo ni ya Juni hadi Septemba. Mvua zikirudi mwishoni mwa Oktoba, chukua msumari wako wa moto, uitoboe chini kama zile nyingine.

Juma lijalo, saa hii hii, tutaeleza namna ya kutengeneza mboji kwenye shimo dogo nyuma ya jiko. Maswali yaandikwe kwenye karatasi, yaachwe kwenye sanduku la mlangoni hapa studio, na tafadhali mwandike zoni yenu tujue tunajibu wapi. Usiku mwema. Mawingu yamekuja upande wa Kasulu, mwenye ndoo iliyokaa matopeni aiinue sasa.